Lumbesa Jumamosi, Sadaka Jumapili

Jumamosi moja ya msimu wa viazi nilikuwa shambani kwa mama mmoja mjane, kwenye miteremko ya Uporoto, juu ya Isongole, huko ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nilikwenda kumpa pole ya msiba wa kaka yake. Nikamkuta mnunuzi na vijana wake wanafungasha. Walimimina viazi kwa ndoo za plastiki, na kwenye ndoo ya sita gunia likajaa. Hawakulifunga. Kijana mmoja alilipiga goti, akalitikisa, akaongeza ndoo ya saba. Kisha akauvika mdomo wa gunia wavu, akaujaza ndoo mbili nyingine mpaka gunia likaota kichwa, akalishona kwa kamba ya katani. Hiyo ndiyo lumbesa. Mama akahesabiwa pesa ya gunia moja.

Kesho yake niliwaona wote wawili kanisani. Ilikuwa sikukuu ya mavuno: mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu, maboga, vyote vimepangwa mbele. Yule mnunuzi ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyepokea vikapu vya sadaka. Mama na yeye walishiriki Meza ya Bwana kwenye mstari mmoja. Baada ya ibada ukafanyika mnada nje, na kikapu cha viazi cha yule mama kikanunuliwa na mzee yuleyule kwa bei inayozidi ya sokoni mara tatu. Vigelegele vikapigwa. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, baba," yaani asante sana.

Nafundisha teolojia katika chuo cha kanisa hapa Mbeya, na kila ninapoalikwa kwenye semina za viongozi wa sharika swali hili halikosekani: "Mwalimu, ule usekulari wa Ulaya ukifika kwetu tutafanyaje?" Wanaouliza wanafikiria makanisa matupu, majengo ya ibada yaliyogeuzwa kumbi, vijana wasiojua Baba Yetu. Wakitazama madawati yao Jumapili yamejaa, wanapumua. Mimi siwezi kupumua hivyo, kwa sababu nimeona kile kichwa cha gunia.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, *saeculum*, maana yake zama, kizazi, dunia hii ya sasa. Katika Ulaya ya kale halikuwa tusi hata kidogo. Padre aliyeishi mitaani akihudumia waumini aliitwa wa kisekulari, kumtofautisha na mtawa aliyejitenga katika monasteri. Kiswahili chetu kina neno zuri linalokaribia hapo: malimwengu. Mambo ya ulimwengu si lazima yawe mabaya. Ndiyo shamba, soko, ndoa, ugonjwa na kodi. Ubaya huanza pale yanapopewa bwana mwingine.

Mwanafalsafa wa Kanada, Charles Taylor, ametusaidia kutenganisha maana za neno hili ambazo watu huzichanganya. Usekulari unaweza kumaanisha kwamba dola na taasisi zake haziendeshwi na dini. Unaweza kumaanisha kwamba watu wameacha kuamini na kusali. Au unaweza kumaanisha kwamba imani imebaki chaguo moja kati ya mengi, na hata anayeamini anajua jirani yake anaishi vizuri tu bila kuamini.

Ile maana ya kwanza haipaswi kututia hofu. Ibara ya 3 ya Katiba yetu inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Nimesikia mahubiri yanayoichukulia ibara hiyo kama mlango wa shetani. Msomaji aiendee ibara ya 19, akaone uhuru wa kuabudu na kueneza dini ukilindwa, na uendeshaji wa jumuiya za dini ukiwekwa nje ya mamlaka ya nchi. Serikali isiyo na dini ndiyo inayomwezesha Mmoraviani wa Rungwe, Mkatoliki wa Tosamaganga, Mlutheri wa Njombe na Mwislamu wa Mbeya mjini kuishi mtaa mmoja bila mmoja kumwomba mwingine kibali. Tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijatuuliza dini zetu tunapohesabiwa, na sijaona kanisa lililodhoofika kwa sababu hiyo. Shule zetu zilichukuliwa kwa sheria ya mwaka 1969, ndiyo, na wazee wetu waliumia. Lakini mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na leo mgonjwa anayefika hospitali za kanisa za Ilembula, Igogwe au Isoko haulizwi anasali wapi.

Maana ya pili ndiyo inayotupa usingizi wa uongo, na hapa historia yetu wenyewe ina la kusema. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe, na mwaka huohuo wale wa Misheni ya Berlin wakafika upande wa pili wa Konde, kama nchi ya Wanyakyusa ilivyoitwa wakati huo. Wamoraviani walitumwa kutoka Herrnhut, kijiji cha Saxony kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani katika ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf. Kutoka huko wamisionari wa kwanza walitoka mwaka 1732 kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, wakati makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Ulaya hayajafikiria jambo hilo. Huko ndiko wanakijiji walipopokezana zamu za sala, usiku na mchana, kwa takriban miaka mia moja. Leo Herrnhut na Berlin ziko katika sehemu ya Ujerumani ambayo watu wengi hawana kanisa lolote. Mwaka 1950 karibu watu tisa kati ya kumi wa Ujerumani Mashariki walikuwa wameandikishwa kanisani. Kufikia mwaka 1990 walibaki takriban theluthi moja au pungufu.

Tukisema ni ukomunisti uliofanya hivyo, tumesema kweli nusu. Dola ile iliwabana vijana wa kanisa katika masomo na kazi, na ikaweka sherehe yake ya vijana mahali pa kipaimara. Lakini swali la kuuliza ni kwa nini wengi waliachia kwa wepesi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945, aliona jibu akiwa gerezani hata kabla ya ukomunisti kuingia. Aliandika kwamba Wakristo wa Ulaya walikuwa wamemsukuma Mungu pembezoni, wakimwita tu pale ujuzi wao unapokwama, kwenye kifo na kwenye hofu, ilhali katikati ya maisha yao mambo yakiendeshwa bila yeye. Kwake, Mungu hukaa katikati ya maisha, na kanisa husimama katikati ya kijiji. Mungu wa pembezoni si vigumu kumuaga siku dola inapokutaka uchague.

Wiki kadhaa baada ya ile sikukuu ya mavuno nilikwenda kwa yule mzee wa kanisa. Ni mtu mwema. Watoto wa jirani wawili anawasomesha kwa pesa yake. Nilimweleza nilichokiona. Hakukana, wala hakukasirika. Alinieleza kwamba ushuru unatozwa kwa gunia, kuli analipwa kwa gunia, na lori linakodishwa kwa gunia, kwa hiyo kila mfanyabiashara anajitahidi gunia libebe kadiri linavyoweza. Akifunga lisilozidi kilo 100 kama sheria ya vipimo inavyotaka, mwenzake atafunga lumbesa na kuuza kwa faida zaidi. Kisha akasema, kwa upole kabisa: "Mwalimu, mambo ya kanisa tuyaache kanisani. Sokoni kuna taratibu zake."

Nimefundisha somo la usekulari kwa miaka, na sijawahi kusikia tafsiri fupi na kamili kuliko hiyo. Mtu anaamini, anasali, anatoa sadaka nono, anaimba kwaya. Na wakati huohuo kuna eneo zima la maisha yake, tena lile linalomlisha, ambalo amelifunga kwa kufuli Mungu asiingie. Huo ndio usekulari wa nyanda za juu kusini. Hauondoi watu madawatini, ndiyo maana hatuuoni.

Hata ile mahubiri ya utajiri iliyoenea mijini, yenye mafuta ya upako na mbegu ya kupanda, naiweka humohumo, ingawa jina la Yesu hutajwa kila dakika. Pale soko halijaingiliwa na Mungu. Mungu ndiye aliyeingizwa sokoni awe mtaji. Hakuna anayeuliza faida imepatikanaje.

Mababu zetu kabla ya mwaka 1891 wasingeelewa mgawanyo huu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na mumewe miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kina jinsi mvua, ng'ombe, mashamba na afya ya nchi vilivyofungamana na ibada. Jambo moja katika maelezo yake halijawahi kunitoka. Ndugu walipokutana kwa tambiko, mwenye hasira moyoni alitakiwa aiseme waziwazi kwanza. Ikifichwa, tambiko halikuwa na nguvu. Sisemi turudi kwenye tambiko. Nasema watu waliokuwa wakilitaja jina la Kyala, jina ambalo wamisionari walilichukua kumwita Mungu wa Biblia, walijua tayari kwamba kinyongo cha shambani hufuata mpaka mahali pa ibada. Mathayo 5 inasema vivyo hivyo: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Yule mama na yule mzee walikaa mstari mmoja, wakanywa divai ileile, na neno la gunia halikusemwa.

Na tusidhani Biblia haina habari za vipimo. Mambo ya Walawi 19 inataja mizani za haki ndani ya sura ileile inayoamuru kumpenda jirani. Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, anawanukuu wafanyabiashara walioishika Sabato kwa usahihi kabisa, hawakuuza hata punje, huku wakihesabu saa iishe wapate kuipunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha. Wale walikuwa wauzaji, kwa hiyo walipunguza kipimo. Wetu ni wanunuzi, kwa hiyo wanakikuza. Hila ni moja, na anayeumia ni yuleyule maskini. Nabii hakuwalaumu kwa kutokwenda ibadani. Aliwalaumu kwa sababu walikwenda.

Martin Luther alifundisha kwamba mkulima na fundi wana wito kutoka kwa Mungu sawa na mtawa, maana kwa mikono yao Mungu anamlisha na kumvika jirani. Wamoraviani wa Herrnhut walilichukua jambo hilo kwa vitendo. Mwaka 1747 duka la jumuiya lilikabidhiwa mfanyabiashara Abraham Dürninger, na biashara ile ikakua, faida yake ikisaidia kazi za kanisa. Kwao duka lilikuwa sehemu ya ushuhuda, kama kinanda na mimbari. Sisi tulirithi kutoka kwao kengele, tenzi na sala za siku. Sijui kwa nini duka tulilisahau.

Kwa hiyo wachungaji wanaponiuliza tufanye nini, siwaambii waongeze mikesha. Nawaomba wachukue darasa la kipaimara, lile ambalo mtoto anakariri amri ya saba, "Usiibe," na maelezo yake, wamwulize swali moja zaidi: baba yako ananunua viazi kwa kipimo gani? Nawaomba wakati wa kumsimika mzee wa kanisa waulize anavyolipa vibarua, kama wanavyouliza kuhusu ndoa yake. Nawaomba pia wasimbebeshe mtu mmoja mzigo wa soko zima. Mnunuzi akiwa peke yake kweli atafilisika, na mkulima akigoma peke yake viazi vyake vitaozea shambani. Dhambi hii inatendwa na wengi kwa pamoja, na toba yake inahitaji watu wa kutosha kukaa chumba kimoja. Kanisa ni miongoni mwa taasisi chache kijijini ambazo mkulima, dalali, mwenye lori na karani wa ushuru wanakaa chumba kimoja kila wiki.

Jumuiya ya yule mama hukutana Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba. Nilialikwa niwaongoze somo, nikachagua Amosi 8. Tulisoma kwa taa ya sola, watoto wakimenya viazi jikoni. Nilipomaliza palikuwa kimya kwa muda mrefu, mpaka mama mwenyewe akasema lile ambalo halikusemwa siku ya mavuno: kwamba kwenye magunia yake kumi ya msimu huu, ndoo thelathini alizitoa bure. Hakumtazama mtu. Mzee wa kanisa alikuwepo, amekaa karibu na mlango, kofia yake magotini. Alikaa hivyo mpaka wimbo wa mwisho ukakaribia, ndipo akauliza kama kuna anayejua mizani ya kupimia magunia inauzwaje mjini. Hakuna aliyejua. Kijana wa bodaboda akasema keshokutwa anapeleka abiria Mwanjelwa, ataulizia.