Jina la biashara si kampuni, jamani

Haipiti wiki mbili hapa ofisini Langoni, Lamu, bila mtu kuniingilia na cheti kakitia laminesheni, anacheka, "Bwana, nshafungua kampuni!" Nakisoma, naona ni cheti cha jina la biashara. Sasa hapo umwambieje mtu na furaha yake?

Jina la biashara ukilisajili eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, serikali imejua tu kwamba fulani anauza kwa jina fulani, bas. Wewe na duka ni kitu kimoja, deni la duka ni lako, na mwenye kudai akishinda kotini anaweza kufuata hadi kiwanja chako. Leseni ya kaunti nayo haibadilishi kitu hapo, hiyo ni ruhusa ya kufanya biashara tu.

Ubia ndio unaowaponza wengi, kwa sababu mnaweza kuwa wabia na hamna karatasi hata moja. Walinijia mabinamu wawili, mmoja mashua ni yake, mwenziwe anatafuta wageni kule Shela, faida nusu kwa nusu. Huyu wa wageni akachukua injini kwa mkopo kwa ajili ya kazi yao, msimu ukawa mbaya, muuzaji akamshukia mwenye mashua. "Mie sikutia sahihi popote!" Nikamwambia ami, nyinyi mnafanya biashara pamoja mkitafuta faida, sheria ya ubia ya 2012 huo ndio ubia wenyewe, na mbia mmoja akifanya jambo la kawaida la biashara yenu keshawafunga nyote wawili na deni lake.

Kampuni sasa. Wavuvi wanaijua kabla ya mawakili, basi tu hawaiiti hivyo. Samaki wakigawanywa, nahodha ana fungu lake, mabaharia mafungu yao, na chombo nacho kina fungu lake na hakuna anayeuliza kitalila kwa mdomo gani. Kampuni ni chombo kilichopewa na jina kotini, kinamiliki, kinadaiwa, kinashtaki, na mwenye hisa akifa hisa zinarithiwa chombo kinaendelea na safari. Mwaka 1897 mtengeneza viatu mmoja wa London, Salomon, hisa karibu zote zake, kampuni ikafilisika wadai wakamtaka yeye, majaji wa juu kabisa wakasema hapana, kampuni ni mtu mwengine. Kenya tangu sheria ya 2015 hata mtu mmoja pekee anafungua ya binafsi, mwisho wanahisa hamsini.

Ila msikimbilie. Benki ikikupa mkopo itataka udhamini wako wewe mwenyewe, ukitia sahihi ile kinga ya kutodaiwa wewe kwa deni la kampuni ishatoboka. Ritani, yaani taarifa za kampuni kwa msajili, za kila mwaka ziko, na pesa ya kampuni si ya kununulia mbuzi wa harusi (wateja wangu hapa hununa).

Upo na ubia wenye kikomo cha dhima (LLP), yaani deni la ubia kwa kawaida halimfuati mbia kwa mali yake, sheria yake ya 2011, wabia kuanzia wawili, una utu wake kama kampuni lakini kodi ya faida analipa kila mbia kwa fungu lake. Wanaotoa huduma za kitaalamu wanaupenda.

Wale mabinamu wakaniuliza, tukifungua kampuni leo, deni la injini linahamia huko? Halihami. Wakatoka kimya, lakini baada ya Alasiri mwenye mashua akarudi peke yake, kaja na kitabu cha mashua, anataka kujua akiiingiza kwenye kampuni binamu yake apewe hisa ngapi.