Akidi imetimia, lakini nani ameamua?

Katika mafunzo ya halmashauri za vijiji hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Suala la jinsia sisi tulishalimaliza, kina mama wapo." Wapo kweli, tena kwa matakwa ya sheria: hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Lakini kuhudhuria si kuamua. Mara nyingi taarifa ya mapato na matumizi husomwa harakaharaka bila wajumbe kuwa na nakala, wanaume wawili watatu wakachangia, mwenyekiti akahitimisha, na hapo ndipo anapogeukia benchi la nyuma na kuuliza, "Kina mama, mna la kuongeza?" Waongeze nini ilhali jambo limekwisha kuamuliwa? Muhtasari utaonyesha kuwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ilitimia, basi.

Tazameni na kamati. Wanawake hurundikwa kwenye Huduma za Jamii, huku kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango, ambako fedha za kijiji hupangiwa matumizi, ikibaki na wanaume walewale. Ndiyo maana kabla ya kusikiliza hotuba yoyote mimi huomba kwanza orodha ya wajumbe wa kamati hiyo, na huwasisitizia wenyeviti, hata wakichoka kunisikia, wagawe nakala za taarifa siku tatu kabla ya kikao na wasihitimishe hoja kabla kila mjumbe hajaitwa kwa jina.

Wengine huamini kwamba mwanamke akiongoza, ubabe utakwisha wenyewe. Mwenyekiti anayeficha mapato na matumizi ni yuleyule, awe mwanamke au mwanamume, na wa kumdhibiti ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Kwamba kiongozi asiyefoka hana msimamo, hilo nalo si kweli. Kufoka huzaa ukimya, na ukimya huo huandikwa kwenye muhtasari kuwa ni makubaliano.

Na wanaodai kuwa viti maalumu, yaani nafasi za wanawake bungeni zisizogombewa majimboni, vimewapa wanawake kila kitu wasome Ibara ya 51 ya Katiba: Waziri Mkuu huteuliwa miongoni mwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo mbunge wa viti maalumu, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuteuliwa kushika nafasi hiyo.