Kisima cha karibu kilikuwa safi

Bibi mmoja wa Tabora mjini aliitikia shikamoo yangu huku ananivuta mkono kuelekea kisimani. Akatumbukiza ndoo, akaipandisha, akanisogezea. "Nusa, mjukuu wangu." Sikuhitaji hata kuinama. Juu ya maji kulitanda utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua, na harufu ilikuwa petroli tupu. Alikuwa ameyapikia tangu harufu ilipoanza kwa mbali. "Lakini nayachemsha," akasema. Roho iliniuma. Kuchemsha huua vijidudu. Petroli haifi, inageuka mvuke unaojaa jikoni, hatua moja kutoka kwenye moto.

Sheli ilikuwa mita kama themanini kutoka pale, na kisima kilichokuwa karibu nayo zaidi kilitoa maji yasiyo na harufu yoyote. Kwa hiyo majirani walishaamua kwamba kuna mtu kamwagia bibi mafuta kwa husuda.

Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, lakini sikuanza kuchimba. Nilianza na daftari la sheli: kipimo cha tenki asubuhi, mafuta yaliyoshushwa, yaliyouzwa. Hapa panataka utulivu, maana petroli ikipoa hupungua ujazo. Lita 10,000 zilizofika na joto la njiani, zikipoa nyuzi 10 ardhini, hupoteza karibu lita 100 bila tone kumwagika. Upungufu wa siku moja hauthibitishi kitu, ndiyo maana nilisoma miezi minne. Usiku sheli ikifungwa, kimo kwenye tenki hakikushuka. Siku za mauzo makubwa ndizo zilizokuwa na upotevu mkubwa. Tukaikagua pampu kwa kopo la vipimo la lita 20, ikawa inatoa sawasawa. Lilibaki bomba kati ya tenki na pampu, linalovuja pale tu mafuta yanaposukumwa. Lilipofukuliwa, kiungo kimoja kilikuwa kimelika kutu, kina tundu dogo kama punje ya mtama.

Udongo tuliutoa kwa keekee ya mkono, sampuli kila nusu mita. Unatia kwenye mfuko, unafunga, unauacha upate joto, kisha unaingiza mdomo wa kifaa kinachopima mvuke. Mbali kidogo na bomba, mchanga wa juu haukuwa na kitu. Karibu na usawa wa maji namba ziliruka. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea juu yake, inapanda nayo masika na kushuka nayo kiangazi, na kila safari inaupaka udongo.

Swali la husuda lilijibiwa na visima vitatu vidogo vya kupimia, tulivyovichimba kwa umbo la pembetatu. Vitatu ndiyo idadi ya chini kabisa. Kwa viwili huwezi kujua maji yanaelekea wapi. Tulipima kina cha maji katika kila kimoja, tukakilinganisha kwa leveli ya wapima ardhi. Tofauti zilikuwa za sentimita tu, lakini zilitosha. Barabara inateremkia upande mmoja, maji ya chini yanakwenda upande mwingine, kwenye mbuga ya zamani, yaani bonde linalotuamisha maji ya mvua, ambayo sasa imejengwa nyumba. Kisima cha karibu kilikuwa pembeni ya njia hiyo. Cha bibi kilikuwa katikati yake.

Nilichukua pia sampuli kwenye kisima cha tatu, mbele zaidi ya kwa bibi, ambacho hakuna aliyekilalamikia. Chupa za mililita 40, zimejazwa hadi kusibaki hata povu moja, zikasafiri kwenye barafu hadi maabara. Tunachokitafuta ni benzini, sehemu ya petroli inayoleta saratani ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Petroli yenye benzini asilimia 1 hubeba gramu 7 hivi katika kila lita, na hizo zinatosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho. Pua haiwezi kunusa kiwango kidogo namna hiyo.

Majibu yalipotoka, kisima cha pembeni kilikuwa salama. Cha tatu kilikuwa kimevuka kikomo. Nilienda mwenyewe kuwaambia wenye nyumba wasikitumie tena. Mama alikuwa anateka. Akainua ndoo, akainusa mbele yangu, akanitazama. "Mbona hayanuki?"