Florida: Fundi Akija na Karatasi ya Kusaini

Bomba limepasuka, zulia limelowa, na fundi wa kukausha nyumba yuko mlangoni na karatasi. "Saini tu, bima itanilipa mimi." Huko Florida, Marekani, karatasi hiyo ilimhamishia fundi haki ya mwenye nyumba ya kudai fidia. Kuanzia hapo fundi ndiye aliyepeleka ankara, ndiye aliyebishana na kampuni ya bima, na ndiye aliyeishtaki. Mwenye nyumba wakati mwingine hata hakujua kwamba kuna kesi.

Kampuni za bima hazikuweza kuzuia uhamisho huo kwa kifungu cha mkataba. Tangu 1917 Mahakama ya Juu ya Florida ilishaamua kwamba hasara ikitokea, fidia inakuwa haki ya aliyekata bima, naye anaweza kumpa amtakaye. Binafsi sioni kosa katika hoja hiyo. Deni ni deni.

Kilichoharibu ni ada ya wakili. Kampuni ikishindwa kesi ilimlipa wakili wa mdai. Ikishinda, haikurudishiwa chochote. Kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya mnyonge, lakini mafundi waliokusanya hati nyingi za kuhamishiwa haki, pamoja na mawakili wao, waliigeuza mtaji. Mwaka 2019 Florida ilikuwa na takriban asilimia 8 tu ya madai ya bima za nyumba Marekani nzima, ila ilikuwa na asilimia 76 ya kesi za bima hizo nchini. Gharama hiyo iliishia kwenye ada za bima za watu wote.

Sheria ya 2019 ilijaribu kupunguza makali: hati iwe ya maandishi, ioneshe mchanganuo wa bei, na mwenye nyumba aweze kuifuta ndani ya siku 14 bila faini. Haikutosha. Desemba 2022 Bunge la jimbo likapiga marufuku kabisa: kwa bima za nyumba na za majengo ya biashara zilizotolewa kuanzia Januari 1, 2023, hati hiyo ni batili. Mwaka 2023 marufuku ikafikia na bima za vioo vya magari.

Kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya kutolewa kwa bima yako. Kuiomba kampuni imlipe fundi moja kwa moja ni jambo jingine, kwani dai linabaki lako. Lakini soma karatasi yenyewe, usiridhike na kichwa chake. Bima ya afya haimo katika marufuku haya.