Kuhamisha picha si kuwa na nakala ya akiba

Hapa Lamu wengi huamini kwamba picha za arusi na za Maulidi zikishahamishwa kutoka laptopu hadi diski ya nje, zimesalimika. Sivyo. Ukizifuta kwenye laptopu, una nakala moja tu; imehama makao. Diski yenye sahani zinazozunguka ikianguka kutoka barazani huweza kufa papo hapo, na hewa ya chumvi hula viunganishi polepole. Google Photos nayo huwaponza watu: ukifuta humo picha iliyokwisha kupakiwa, hukaa kapuni siku 60, kisha ndiyo kwaheri. Weka nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba: kwa shangazi Mkomani, au Malindi kabisa.