Je, wajua kwa nini mizizi huoza hata pasipo na udongo?

Anayekuuzia mabomba ya haidroponiki, yaani kilimo cha kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho, huanza na maneno haya: hakuna udongo, basi hakuna magonjwa ya udongo. Ni kweli nusu. Mnyauko bakteria, ule unaojificha ardhini miaka na kuwafilisi wakulima wa nyanya, unaweza kuukwepa kwa kiasi kikubwa. Lakini siku moja, saa saba mchana, unakuta saladi zimelegea kama zilizokosa maji, ilhali mizizi imo majini. Jioni zinasimama. Kesho yake zinalegea mapema zaidi.

Ng'oa mche mmoja uutazame. Mzizi wenye afya ni mweupe na mgumu kidogo. Ukiubana kwa vidole ganda likavuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba, hiyo ni kazi ya pithiamu.

Pithiamu ni kimelea kinachofanana na ukungu ingawa si ukungu halisi. Ndugu yake ndiye anayeleta bakajani chelewa kwenye viazi. Ujuzi wake mkubwa ni kuogelea. Hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, navyo hufuata sukari na vitu vingine vinavyovuja mizizini. Shambani vingesubiri mvua ilowanishe udongo, tena vingekutana njiani na maelfu ya vijidudu vingine vya kuvizuia. Kwenye haidroponiki umevichimbia mto na kuvifungia pampu juu yake. Miche mia mbili inayonyweshwa na tangi moja ni sawa na watu mia mbili wanaochangia kikombe.

Hata hivyo, mara nyingi anayefungua mlango ni joto. Maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Na hapo hapo mizizi inahema kwa kasi, inataka zaidi. Mzizi uliokosa hewa hudhoofika, na pithiamu hupenda wanyonge. Dar es Salaam au Mombasa, tangi jeusi lililoachwa juani hufika nyuzi hizo bila taabu, ndiyo maana mtambo unaotulia Limuru unaweza kukutesa Pwani.

Sasa utasema nitatumia tangi jeupe. Jeupe hupitisha mwanga, mwanga huotesha mwani, na mwani huita visubi, ambao funza wao hutafuna mizizi na kusambaza vimelea. Njia ya kutoka ni jeusi kwa ndani na jeupe kwa nje, au kulifukia tangi hadi shingoni, chini ya kivuli. Kwangu mimi, shimo hilo lina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa. Ongeza pampu ya hewa kama ile ya samaki wa mapambo, au acha maji yanayorudi tangini yaanguke kutoka juu kwa kishindo.

Dawa ndani ya tangi siipendi. Saladi inakunywa maji hayo leo, nawe utaila wiki ijayo. Kazi ya usafi ifanyike kati ya zao na zao: mwaga maji yote, sugua mabomba, pitisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisha suuza sana. Angalia tu isikutane na ile asidi unayoshushia pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, kwani vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu ya mapafu.

Wadudu wa majani, yaani inzi weupe, vidukari na utitiri, hawajali kama chini kuna udongo au maji. Wavu kwenye madirisha na kadi za njano zenye gundi hukuonyesha mapema nani kaingia. Ukizidisha naitrojeni, majani huwa laini na vidukari hufurahi. Ukilazimika kunyunyiza maji ya sabuni, fanya jioni, na funika matundu ya mabomba ili sabuni isichuruzike ndani.

Na si kila doa ni ugonjwa. Ncha za majani machanga ya saladi zikigeuka kahawia, watu hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu, kumbe ni kalsiamu haikufika kwa sababu hewa imetuama na jani halipumui maji vya kutosha. Fungua dirisha, au weka feni.