Gari ya injeksheni ya zamani ikikunywa petroli, anza na thamostati

Wenye Hilux Surf, Escudo na Prado za miaka ya 1990 hapa Kisumu hutuletea gari chuoni wakilia petroli, na ukiuliza imefanyiwa nini unaambiwa plagi mpya, eya filta mpya, injekta zimeoshwa, pampu imebadilishwa, pesa imeisha na gari bado ni ile ile. Kabla ununue spea nyingine naomba ujue kitu kimoja tu: thamostati iko?

Mara nyingi haiko. Gari ilichemka siku moja, fundi akaitoa akasema huku kwetu ni joto haina kazi, na kweli haikuchemka tena. Lakini thamostati ndiyo inazuia maji yasiende rediata mpaka injini ishike moto, nyingi hufunguka kwa nyuzi 82 hivi, na bila hiyo maji yanazunguka tangu uwashe, injini inakaa baridi. Kompyuta ya injini, ile inayopima petroli ya kuingia, ikiambiwa injini ni baridi inaongeza petroli, ni kama ile choki ya kabureta imevutwa ikasahaulika hivyo safari nzima, na hata sensa ya oksijeni kwa ekzosi, ile inayoiambia kama petroli imezidi, haifuatwi mpaka injini ipate joto.

Kupima hakuna gharama. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa washa, kisha gusa hozi ya juu ya rediata, mkono ukae mbali na feni. Inafaa ibaki baridi dakika kadhaa halafu ipate moto kwa ghafla, ikianza kupata joto pole pole tangu mwanzo basi thamostati haiko ama imekwama wazi. Barabarani utaiona ukiteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa, sindano ya temperecha inaanguka, ukipanda inarudi.

Na usiamini sindano peke yake! Toyota nyingi za wakati huo ziko na sensa mbili za joto, ya waya moja inapelekea dashibodi, ya waya mbili inapelekea kompyuta, kwa hivyo dashibodi inaweza kukuonyesha kila kitu sawa huku kompyuta inadanganywa kwamba injini ni barafu. Chomoa soketi ya hiyo ya waya mbili uipime na mita ya umeme ikiwa kwa omu, injini ikiwa baridi kwa nyuzi 20 hivi inasoma kilo-omu 2 hadi 3, ikiwa moto kwa 80 inashuka karibu omu 300. Kama haishuki, ibadilishe.

Gari ikiwa ilichemka kweli, tafuta sababu, rediata imeziba, feni haishiki ama kulanti inavuja, halafu rudisha thamostati. Na usifungue kifuniko cha rediata ikiwa moto, tafadhali, hayo maji yanachoma watu vibaya.

Kama hapo kote ni sawa, chomoa kahozi kembamba ka vakyumu (kanakonyonywa na injini) kwa regyuleta ya presha ya petroli, ukikuta petroli ndani, diaframu, ile ngozi ya ndani ya regyuleta, imepasuka na injini inanyonya hayo mafuta. Inua pia magurudumu uyazungushe kwa mkono, breki iliyokwama inakula sana, na kwa zile za kuunganisha foo-wili hakikisha haijabaki imeshika kwa lami. Matairi makubwa kuliko ya kiwanda yanafanya mita ihesabu kilomita chache kuliko ulizoenda, kwa hivyo hesabu yako ya kilomita kwa lita itaonekana mbaya kuliko ilivyo.

Hesabu yenyewe ifanywe hivi: jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha kama kawaida, rudi pampu ile ile ujaze tena, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tuseme ni kilomita 360 na lita 60, hiyo ni 6 kwa lita. Pima kabla ya matengenezo na baada, ndio ujue kama ulicholipia kimesaidia.